Lektini: kwa nini maharage yanataka moto mkali kwanza

Hakuna chakula kinachomaliza kuni kama maharage. Posho, au bukari kama wengi wetu tunavyoiita, huiva haraka. Dodo huiva kabla hujamaliza kukatakata nyanya. Maharage makavu hukaa jikoni saa mbili au tatu, na yale yaliyokaa ghalani muda mrefu hukaa zaidi. Kwa hiyo familia inapotaka kubana kuni au makaa, huanza kubana hapo: moto unapunguzwa mapema, sufuria inafunikwa, maharage yanaachwa yajilainishe yenyewe kwa joto lililobaki.

Kubana kuni kwa njia hiyo kunawezekana, na makala hii itakuonyesha namna. Lakini ukipunguza moto kabla maharage hayajachemka kwa nguvu kwa muda wa kutosha, unaweza kuwapakulia watu wa nyumbani mwako chakula laini, chenye harufu nzuri, ambacho kitawatapisha usiku huohuo. Kinachofanya hivyo ni protini iitwayo lektini.

Nina sababu yangu ya kuandika habari hii. Miaka michache iliyopita, ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi ilitoa bango la kuhimiza matumizi ya kuni chache. Maneno yake niliyaandika mimi. Bango lilisema loweka maharage, punguza moto, funika sufuria. Halikusema maharage yachemke kwanza kwa dakika ngapi. Mama mmoja mhudumu wa lishe alilisoma likiwa tayari ukutani, akaniuliza: "Na sumu ya maharage mmeipeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Tulilibandua siku ileile.

Lektini ni nini?

Lektini ni kundi kubwa la protini zenye tabia moja: hushika sukari. Neno sukari hapa lina maana pana kuliko ile ya chai. Ni kabohaidreti za aina nyingi, ndugu za wanga, ambazo viumbe hai huzitumia kama chakula na pia kama alama juu ya seli zao. Kila seli ya mwili wako, iwe ya damu, ya utumbo au ya ngozi, imevikwa minyororo midogo ya sukari. Lektini ina vifuko vinavyoingiana na sukari fulani kama chungu na kifuniko chake. Nyingi zina vifuko viwili, vinne au zaidi, hivyo lektini moja inaweza kushika seli mbili kwa wakati mmoja na kuzigandamanisha.

Ndivyo zilivyogunduliwa. Mwaka 1888, Peter Hermann Stillmark, aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu nchini Estonia, alichanganya maji yaliyokamuliwa kutoka mbegu za mbarika na damu. Chembe nyekundu za damu zikashikana mabongemabonge. Jina lenyewe lilikuja baadaye sana. Mwaka 1954 mwanasayansi wa Marekani William Boyd alilitoa katika neno la Kilatini lenye maana ya kuchagua, kwa sababu alikuwa ameona kwamba baadhi ya protini hizi hugandisha damu ya kundi A na kuiacha ya kundi B, au kinyume chake. Mpaka leo maabara huzitumia kutofautisha damu. Lektini ya maharage, hiyohiyo inayotapisha watu, ilionekana mwaka 1960 kuwa inaziamsha chembe nyeupe za damu zianze kugawanyika ndani ya chupa, na hilo likawarahisishia wataalamu kuhesabu kromosomu za mtu kwa kutumia damu kidogo tu.

Mimea mingi ina lektini: ngano, viazi, nyanya, karanga, soya, na hasa mimea ya jamii ya kunde. Kazi moja inayojulikana ni ulinzi. Mbegu imejaa chakula cha mche utakaoota, na kila mdudu anakitaka. Maharage ya mwituni ya Mexico yana protini ya ukoo wa lektini iitwayo aselini, inayowazuia baadhi ya fukusi wasikue ndani ya mbegu, na watafiti wameihamishia katika baadhi ya aina za maharage ya kulimwa. Yale tunayonunua sokoni kwa kawaida hayana aselini, ndiyo maana ukisahau gunia miezi miwili unakuta vitundu na vumbi.

Lektini inayotuhusu jikoni inaitwa fitohemaglutinini. Iko kwa wingi zaidi katika maharage mekundu makubwa. Maharage meupe ya jamii hiyohiyo yana kiasi cha theluthi moja ya yale mekundu. Ya madoadoa na ya njano nayo ni mimea ya aina ileile, kwa hiyo yapike kwa uangalifu uleule. Protini nyingi tunazokula huvunjwavunjwa tumboni kabla hazijafika mbali. Hii ni sugu. Inapita tumboni ikiwa nzima, inafika kwenye utumbo mdogo, na pale inakutana na ngozi laini ya utumbo iliyovikwa sukari zake. Inazishika. Seli zinaumia, ufyonzaji wa chakula unavurugika, na mwili unajitetea kwa njia unayoijua: kutapika, kisha kuharisha.

Joto dogo linaweza kuzidisha sumu

Hapa ndipo penye mtego. Wengi hudhani kwamba joto kidogo hupunguza sumu kidogo na joto jingi huimaliza. Kwa lektini ya maharage sivyo.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imechapisha vipimo vya nguvu ya kugandisha damu vya maharage mekundu. Yakiwa mabichi yana vipimo 20,000 hadi 70,000. Yakiiva kabisa hubaki na 200 hadi 400, kiasi ambacho mwili haukisikii. Lakini mamlaka hiyohiyo inaonya kwamba maharage yaliyopashwa moto hadi nyuzi joto 80 tu, bila kuchemka, yanaweza kuwa na sumu hadi mara tano kuliko mabichi. Maana yake mtu aliyeyapasha nusunusu anaweza kuumia kuliko aliyeyatafuna yakiwa makavu. Na kutafuna si mchezo pia: punje mbichi nne au tano zinatosha kumtapisha mtu.

Kumbuka kwamba maharage yaliyolowekwa yanaweza kulainika kwenye joto la chini ya kuchemka yakikaa muda mrefu. Kwa hiyo kubonyeza punje kwa vidole, kipimo ambacho sote tumefundishwa na mama zetu, kinakwambia kwamba maharage ni laini. Hakikwambii kama yamechemka. Mama zetu hawakukosea: wao waliyachemsha saa mbili kwa moto wa kuni tele, kwa hiyo lilipofika suala la ulaini, sumu ilikuwa imekwisha zamani. Sisi tumebadilisha moto na kubaki na kipimo kilekile.

Nchini Uingereza, tukio la kwanza kuandikwa lilitokea mwaka 1976, kundi la wavulana wa shule waliokuwa likizo walipokula maharage mekundu yaliyolowekwa tu bila kupikwa. Matukio mengine yaliyofuata yalihusu vyungu vya umeme vinavyopika taratibu. Vilipopimwa, chakula cha ndani kilikutwa na joto lisilozidi nyuzi 75. Huko Japani, mwaka 2006, kipindi cha televisheni kilifundisha namna ya kupunguza unene: kaanga maharage meupe kwa dakika tatu hivi, yasage, nyunyizia kwenye wali. Watu wapatao 1,000 waliumwa, na karibu 100 wakalazwa hospitalini. Waliyakaanga mpaka yakanukia vizuri, na bado.

Wasomaji wetu waliotoka maeneo ya mihogo wataniuliza kama si jambo lilelile la mihogo michungu. Hapana, na tofauti hiyo ni muhimu. Sumu ya mihogo huondoka kwa kulowekwa, kuchachushwa, kusagwa na kuanikwa. Lektini ya maharage haiondoki kwa jua. Haiondoki kwa kukausha wala kwa kuotesha. Kulowekwa huitoa kidogo tu. Inachokiogopa ni maji yanayochemka.

Kupika ukiwa na kuni chache

Anza jana yake. Chambua maharage, osha, yaloweke katika maji mengi kwa saa tano angalau, na usiku kucha ni bora zaidi. Faida ni mbili. Ya kwanza ni kuni: maharage yaliyolowekwa huiva kwa muda mfupi zaidi kuliko makavu. Ya pili ni kwamba maji yakishaingia mpaka kiini cha punje, joto nalo hufika mpaka kiini. Punje kavu inaweza kuwa imechemka nje huku katikati yake pakiwa bado pabichi.

Asubuhi mwaga maji ya kulowekea. Najua maneno haya yanauma mahali ambapo dumu moja la maji lina foleni yake. Yamwage kwenye mboga zako za uani. Ila usiyapikie, kwa sababu sehemu ya lektini imeingia humo, pamoja na baadhi ya sukari zinazojaza tumbo gesi.

Sasa weka maji mapya, na hapa kuni zako zifanye kazi. Washa moto wa nguvu mpaka maji yachemke kwa kurukaruka, mapovu makubwa yakipanda kutoka chini. Kuanzia wakati huo, hesabu dakika 30. Usihesabu tangu ulipoinjika sufuria. Kama huna saa, pima kwa simu au kwa kipindi cha redio. Miongozo mingine hutaja dakika 10, na ni kweli kwamba katika nyuzi 100 lektini ya maharage yaliyolowekwa vizuri huharibika ndani ya muda huo. Lakini makazi mengi ya kusini-magharibi mwa Uganda yako zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 300 hivi maji huchemka kwa joto lililopungua nyuzi moja. Nakivale maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Katika milima ya kusini mwa Rwanda ni chini ya hapo. Bado ni joto la kutosha, ila lipe muda. Dakika 30 zinakulinda pia dhidi ya punje ngumu, moto unaozimazima, na sufuria isiyo na kifuniko kizuri.

Ukiongeza maji baridi katikati, kuchemka kunakatika. Basi ongeza maji ya moto, au subiri yachemke tena ndipo uendelee kuhesabu.

Dakika hizo 30 zikishapita, fanya utakavyo. Punguza moto. Toa kuni mbili, baki na moja. Ama hamishia sufuria, ikiwa bado inachemka na imefunikwa, kwenye kikapu cha kuhifadhi joto kilichojazwa vitambaa au majani ya migomba, uende shambani. Maharage yataendelea kulainika humo bila kuni hata moja, na jioni utayachemsha tena kidogo kabla ya kuunga. Kikapu ni kitu kizuri sana. Kosa ni kukitumia kama jiko, yaani kuingiza maharage yaliyopata moto tu bila kuchemka, kwa sababu ndani yake joto hushuka polepole likipitia kwenye zile nyuzi 80 na kukaa karibu na hapo kwa saa kadhaa. Jiko la jua siku ya mawingu lina hatari hiyohiyo. Chupa ya chai nayo, kwa wale vijana wanaoishi peke yao na kumwagia maharage maji ya moto usiku wakitarajia kula asubuhi: msifanye hivyo.

Magadi hulainisha maharage haraka, na wengi tunayatumia. Hayaharibu kitu kuhusu lektini mradi dakika 30 zitimie. Usiondoe sufuria kwa sababu tu maharage yamelainika mapema. Kumbuka tu kwamba magadi huharibu sehemu ya vitamini B1, kwa hiyo weka kidogo. Sufuria ya presha, kwa wenye nayo, hupita nyuzi 100 na kuimaliza lektini vizuri.

Neno kwa wanaopika kwa ajili ya shule, misiba na harusi. Sufuria ya lita 100 inaweza kuchemka pembeni huku katikati pakiwa na joto tu. Koroga mpaka chini, subiri uso wote wa sufuria uruke, ndipo uhesabu. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko nyumbani, kwa sababu sufuria moja inalisha watu mia na wapishi wanahimizwa waharakishe.

Mgao ukiwa na njegere za njano zilizopasuliwa, au ukinunua kunde, dengu au mbaazi, lektini yake ni kidogo ukilinganisha na maharage mekundu. Hizo nazo ziive, lakini kama wiki hii kuni hazipo kabisa, ni afadhali kupika njegere na kuyaweka maharage mpaka kuni zipatikane.

Unga wa uji wa watoto

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike. Akina mama wengi huchanganya mahindi, mtama, karanga na maharage, wakapeleka mashineni kupata unga wa lishe. Wazo ni zuri: uji wa mahindi peke yake ni chakula dhaifu kwa mtoto wa miezi minane. Shida ni namna maharage yanavyoingia mashineni. Mara nyingi huingia makavu, mabichi, au yamekaangwa kidogo ili yanukie.

Kukaanga ni joto kavu, na joto kavu huivunja lektini kwa shida. Wale watu wa Japani walikaanga. Kisha uji wenyewe hupikwa dakika chache, unakuwa mzito, unaanza kuruka na kuunguza mkono, mama anautoa. Uji mzito haupitishi joto sawasawa kama maji. Utafiti uliochapishwa mwaka 1972 kuhusu vyakula vya kulikiza watoto ulionyesha kwamba unga wa maharage uliochanganywa na wa nafaka, ukipikwa katika mazingira ya kawaida ya vijijini Afrika, haukupoteza lektini yote kila mara. Na anayekula ni mtoto mdogo, ambaye kutapika na kuharisha kwa siku moja humkausha maji.

Njia salama inaongeza kazi ya siku moja. Loweka maharage usiku, mwaga maji, yachemshe dakika 30 au zaidi mpaka yaive, yamwage kwenye chujio, yaanike juani juu ya turubai safi mpaka yakauke kabisa na kuwa magumu tena, ndipo uyachanganye na nafaka na kupeleka mashineni. Kama mnajikusanya kikundi, chemsheni pamoja sufuria moja kubwa na mgawane kuni. Ukiona kazi hii ni nyingi, basi acha unga, na badala yake chukua vijiko viwili vya maharage yaliyoiva ya familia, yaponde, uchanganye na uji wa mtoto. Hakuna unga wa dukani unaoshinda hilo.

Ukinunua unga wa lishe uliotengenezwa na jirani, muulize swali moja: maharage yalichemshwa kabla ya kusagwa? Si dharau. Muuzaji mzuri atafurahi kuulizwa.

Mtu akiumwa

Kichefuchefu na kutapika kwa nguvu huanza saa moja hadi tatu baada ya kula. Kuharisha na maumivu ya tumbo hufuata. Mara nyingi mtu mzima hupata nafuu saa tatu au nne baada ya dalili kuanza, na wengi hulala wakidhani ni malaria imepita. Hakuna dawa ya kuifuta lektini tumboni. Kinachotibiwa ni upungufu wa maji. Mpe mgonjwa ORS kidogokidogo, kijiko kwa kijiko kama anatapika. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Usijitangazie kwamba ni maharage tu. Kutapika na kuharisha ndiyo dalili za magonjwa mengine pia, kipindupindu kikiwa mojawapo, na mhudumu wa afya ndiye wa kutofautisha. Mwite VHT wa kijiji chako au nenda kituo cha afya mara moja kama mgonjwa ni mtoto mdogo, mjamzito au mzee, kama kuna damu kwenye choo, kama macho yameingia ndani na hakojoi, au kama hali haijatulia baada ya saa chache. Waliokula sufuria moja wakiugua pamoja, mwambie mhudumu wameugua saa ngapi baada ya kula, na mbaki na chakula kidogo kwenye bakuli lililofunikwa ili kionekane. Kukipasha tena chakula hicho kwa dakika mbili na kukila kesho yake ni kurudia kosa.

"Mtandaoni wanasema tuache maharage"

Huenda umeona video zinazosema lektini ndiyo chanzo cha unene, maumivu ya viungo na magonjwa ya moyo, na kwamba dawa ni kuacha maharage, nyanya, karanga na nafaka. Zinasambazwa sana kwenye WhatsApp. Wanaozitengeneza wengi wana kitu cha kuuza.

Maharage yaliyoiva yana lektini iliyokwisha nguvu. Yaliyobaki ndani yake ni protini, madini ya chuma, folati na nyuzinyuzi, na kwa familia inayopokea mgao uliopunguzwa, maharage mara nyingi ndiyo protini pekee ya wiki nzima. Mtu akimwambia mama mjamzito aache maharage kwa kuogopa lektini, bila kumpa samaki wala mayai badala yake, anamdhuru. Nimesikia swali hili mara nyingi kutoka kwa vijana wenye simu, na jibu langu ni hilohilo: chemsha, kula.

Mbegu mbili zisizoliwa kabisa

Lektini mbili nyingine ziko karibu nasi na hazihusiani na mapishi, ila watoto.

Ya kwanza ni ile aliyoigundua Stillmark, risini, iliyomo katika mbegu za mbarika. Mmea huu huota wenyewe kandokando ya njia, kwenye majalala na nyuma ya vyoo: majani makubwa yenye vidole kama kiganja, na matunda yenye miiba laini. Wanyarwanda na Warundi huuita ikibonobono, Waganda nsogasoga. Mbegu zake zinang'aa, zina michoro ya kahawia na nyeupe kama kupe aliyeshiba, na watoto huzipenda kwa kuchezea. Risini hutumia tabia yake ya kushika sukari kama mlango: hushika seli, huingia ndani, na huzima kiwanda cha seli cha kutengeneza protini. Mbegu ikimezwa nzima inaweza kupita bila kufunguka. Ikitafunwa, mtoto hutapika na kuharisha ndani ya saa chache, wakati mwingine kwa damu, na anaweza kufa. Mafuta ya mbarika yaliyotengenezwa vizuri hayana risini, kwa sababu yenyewe hubaki kwenye makapi. Makapi hayo usiwape mbuzi.

Ya pili ni abrini, ndugu ya risini na kali kuliko hiyo. Iko katika turituri, zile punje ndogo nyekundu nyangavu zenye doa jeusi upande mmoja, zinazotungwa kuwa shanga na bangili. Ganda lake ni gumu, lakini ili kuzitunga lazima zitobolewe, na hapo ganda linakuwa limefunguka. Mtoto mchanga anayeota meno asiachiwe bangili hiyo.

Ng'oa mbarika iliyo karibu na mahali watoto wanapochezea kabla haijazaa, na nawa mikono. Mtoto akikutwa ametafuna mbegu yoyote kati ya hizi, usisubiri dalili na usimtapishe kwa nguvu. Mpeleke kituo cha afya wakati huohuo, na uende na mbegu iliyobaki mkononi ili mhudumu aione.